Urekebishaji wa pedali ya breki

Urekebishaji wa pedali ya breki ni kazi ya kuweka sawa kimo cha pedali ya breki ya gari, nafasi tupu iliyopo mwanzoni mwa mwendo wake, na swichi inayowasha taa nyekundu za nyuma dereva anapokanyaga. Mambo hayo matatu hurekebishwa pamoja, kwani katika magari mengi swichi ndiyo inayoizuia pedali isirudi juu zaidi. Ukibadili moja umegusa na mengine. Makala hii inahusu magari madogo yenye breki za oili na busta, mfano Toyota na Honda zilizotumika ambazo huingizwa kwa wingi Afrika Mashariki kutoka Japani.

Mwendo wa pedali

Pedali inaning'inia chini ya dashibodi, ikiwa imeshikwa juu kwa pini. Ikikanyagwa husukuma fimbo fupi inayoingia kwenye busta. Busta huongeza nguvu ya mguu kwa kutumia ombwe la injini, kisha husukuma pistoni za silinda kuu, na oili hupeleka shinikizo hadi kwenye magurudumu.

Pedali haitakiwi kuanza kazi papo hapo inapoguswa. Lazima iwepo nafasi ndogo tupu: kwa Toyota nyingi ni milimita 1 hadi 6, kwa Honda nyingi 1 hadi 5. Nafasi hiyo ina sababu yake. Ndani ya silinda kuu kuna tundu dogo linaloelekea kwenye kopo la oili. Pedali ikiachiwa, tundu huwa wazi, na oili iliyopata joto na kutanuka hurudi koponi. Fimbo ikirefushwa kupita kiasi, pistoni hairudi hadi mwisho, tundu hubaki limezibwa na oili hukosa pa kwenda. Hapo breki huanza kukamata zenyewe. Msuguano huleta joto, joto hutanua oili, na oili hukaza breki zaidi. Gari huwa zito, hutoa harufu ya kuungua, na laweza kukwama kabisa barabarani. Likipoa, breki huachia. Ndiyo maana gari likifikishwa gereji kesho yake fundi huenda asione kasoro yoyote.

Nafasi ikiwa kubwa mno, sehemu ya mwendo wa mguu hupotea bure kabla breki hazijaanza kushika.

Swichi ya taa za breki

Swichi hii hufanya kazi kinyume cha kengele ya mlangoni: ikibonyezwa huzima. Pedali ikiwa juu, hubonyeza kipini cha swichi na umeme hukatika. Pedali ikishuka, springi hukisukuma kipini nje na taa huwaka. Swichi ikiwekwa mbali na pedali, taa hazizimiki. Ikisogezwa karibu mno, taa huchelewa kuwaka, na swichi yenyewe inaweza kuibana pedali isirudi juu, jambo linaloleta tatizo lilelile la breki kukamata.

Taa zinazowaka muda wote humaliza betri usiku mmoja, na dereva wa nyuma hana namna ya kujua lini gari la mbele linapunguza mwendo. Zisipowaka kabisa ni hatari zaidi. Katika magari mengi ya gia otomatiki, swichi ikifa pia gia hukataa kutoka kwenye P, kwa sababu kufuli yake hufunguliwa na ishara ya swichi hiyohiyo.

Mara nyingine swichi haina kosa. Mahali kipini kinapogusa pedali pana kipande kidogo cha plastiki au mpira kilichoziba tundu. Kipande hiki huzeeka na kuvunjika, kipini kikapenya tunduni, na taa zikabaki zinawaka. Dalili yake ni vipande vya plastiki kwenye zulia chini ya pedali. Dawa ni kuweka kipande kipya, wala si kuzungusha swichi.

Namna ya kurekebisha

Gari huegeshwa mahali tambarare na magurudumu huwekewa vizuizi. Zulia huondolewa, maana kimo hupimwa kutoka sakafuni. Plagi ya nyaya huchomolewa, na swichi hulegezwa hadi isiguse pedali. Kisha nati ya kufungia fimbo hulegezwa, na fimbo huzungushwa mpaka kimo kilingane na kitabu cha gari hilo. Kipimo cha gari jingine hakifai. Nati ikishakazwa, swichi hurudishwa. Kwa baadhi ya Toyota, nafasi kati ya swichi na pedali huwa milimita 0.5 hadi 2.4.

Nafasi tupu ya pedali hupimwa injini ikiwa imezimwa, baada ya kukanyaga mara kadhaa ili ombwe lililobaki kwenye busta liishe. Pedali husukumwa kwa kidole hadi ukinzani usikike. Mwishoni mtu mmoja hukanyaga na mwingine hutazama taa. Baada ya safari fupi kila gurudumu huinuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono kuhakikisha breki zimeachia.

Pedali inayoshuka sana

Fimbo iliyokazwa vizuri hailegei yenyewe. Kama jana pedali ilikuwa sawa na leo iko chini, cha kutazama kwanza ni kopo la oili na upande wa ndani wa magurudumu, kutafuta uvujaji. Pedali laini inayopanda ikipigwa mara kadhaa mara nyingi huonyesha kuna hewa kwenye mabomba, au breki za dramu za nyuma zimelika. Inayozama polepole chini ya mguu uliotulia huonyesha kuwa oili inavuja, au mipira ya ndani ya silinda kuu imechoka. Kurefusha fimbo katika hali hizi hupandisha pedali na kumridhisha mwenye gari, huku ubovu ukiendelea palepale. Ni njia ya mkato mbaya kuliko zote katika kazi hii.

Magari ya mseto wa petroli na umeme kama Toyota Prius yana pia kihisi cha mwendo wa pedali. Kihisi kikibadilishwa, sifuri yake huwekwa upya kwa kompyuta ya uchunguzi, na spana peke yake haitoshi.