Msikiti wa Kizimkazi: Kuta Mpya, Maneno ya Kale

Kusini ya Unguja, katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani, pana msikiti mdogo ambao mpita njia huweza kuupita bila ya kuutupia jicho. Kuta zake hazina madoido na paa lake ni la mabati. Hazina yake imo ndani, katika ukuta wa kibla. Hapo, kandokando ya mihirabu, umepita mstari wa maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, herufi zake zikichipua kama majani. Yanataja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Msomi Samuel Flury aliyafafanua mwaka 1922, na yanahesabiwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika mwambao wetu.

Hata hivyo, jengo lenyewe si la 1107. Maandishi mengine, karibu na mihirabu hiyo hiyo, yanaeleza kuwa msikiti ulijengwa upya mwaka 1184 wa Hijria, yaani yapata 1770. Sehemu kubwa ya kuta tuzionazo ni kazi ya karne hiyo ya 18. Je, tukisifu ukale wa Kizimkazi, twasifu kitu gani?

Twasifu, nadhani, uungwana wa waliojenga upya. Wangeweza kuliacha gofu na kujenga pengine, au kulifukia jiwe la wazee chini ya lipu. Badala yake walilipa pahala pa heshima, kisha wakaandika tarehe yao wenyewe, wasijidai kuwa ndio wa mwanzo. Wapenzi wa ushairi wanaijua kazi ya namna hii: ni takhmisa. Mtungaji huongeza mishororo yake mitatu juu ya miwili ya aliyemtangulia, na ya mwenzake huiacha kama ilivyo.

Misikiti mingi ya kale ya pwani yahitaji mafundi wa moyo huo. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukipakwa saruji, unyevu hubakia ndani na kuula pole pole, hali kwa nje waonekana mpya. Kutengeneza si kosa, kwani nyumba ya ibada ni ya kusaliwa, na Kizimkazi wangali wakisali. Kosa ni kufuta. Atakayeshika mwiko kesho na ayaache maneno aliyoyakuta, kisha ndipo aandike mwaka wake.