Mbwa wa Hamburg na Ababari wa Gusii

Mbwa wetu wa Keroka anaitwa Simba, ingawa ni jike na anaogopa radi kuliko kuku. Mwaka juzi magokoro alichoka kugawia majirani watoto wa mbwa, akaagiza Simba afungwe kizazi. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akamdunga sindano ya usingizi, akampasua tumbo kwa urefu wa kidole changu cha kati, akatoa vya kutoa, akashona. Kazi safi kabisa. Ila siku ya tatu Simba alikuwa ameng'oa nyuzi mbili kwa meno, na magokoro akaniuliza, "Wewe ndiye umesoma. Kwani lazima wafungue mlango wote ndio waingie?"

Jibu ni hapana, na aliyesaidia kulipata ni mbwa.

Septemba 1901, mjini Hamburg, daktari mmoja wa Dresden aliyeitwa Georg Kelling alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi na madaktari wa Ujerumani akiwa na mbwa hai mezani. Alimsukumia hewa iliyochujwa tumboni mpaka tumbo likainuka kama hema. Kisha akapitisha kwenye tundu dogo chombo cha Maximilian Nitze, ambacho madaktari walikitumia kuchungulia kibofu. Viungo vya ndani vikaonekana bila tumbo kupasuliwa.

Kelling hakuwa anatafuta tiba ya mbwa. Alisumbuliwa na wagonjwa waliovuja damu tumboni, maana kuwapasua mara nyingi kulizidisha hatari. Aliwaza kwamba hewa ikisukumwa kwa nguvu ingebana mishipa damu ikome, na akataka dirisha la kuona hewa hiyo inafanya nini huko ndani. Wazo la hewa kuwa tiba halikufika mbali. Dirisha ndilo lililobaki.

Mwaka huohuo, Desemba, reli ilifika Port Florence, Kisumu ya leo. Huku kwetu milimani Waingereza walikuwa hawajajenga boma lao la Kisii. Hilo lilikuja 1907. Lakini ukidhani Gusii ilikuwa inangoja reli ndiyo ipate wapasuaji, pole. Tulikuwa na ababari.

Mtu akipigwa rungu la kichwa au akianguka vibaya, halafu maumivu yakakataa kuisha, alipelekwa kwa omobari. Ngozi ya kichwa ilichanwa na kufunuliwa, kisha mfupa ukakwanguliwa polepole kwa kifaa kilichopinda ncha, kazi ya mhunzi. Omobari alikwangua tabaka baada ya tabaka, na alipofika kwenye utando unaofunika ubongo, alisimama. Ujuzi wote ulikuwa hapo pa kusimama. Kelling aliingia bila kufungua. Omobari alifungua bila kuingia.

Hizi si porojo za matangani. J. G. Grounds aliandika habari zao katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka 1958. Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi Mathari, naye aliwachunguza. Mwaka 1985 Furnas na wenzake walichapisha makala nzima juu yao katika jarida la upasuaji la Marekani. Sitaki kupamba: kulikuwa na maumivu makali, vidonda kuoza, na vifo. Lakini wengi walipona, na wengine walirudi wenyewe kukwanguliwa tena. Magokoro anamkumbuka mzee mmoja wa upande wa Nyamira ambaye hakuvua kofia hata kanisani. Chini ya kofia kulikuwa na bonde la kutosha kidole gumba. Shuleni sikuambiwa lolote juu ya watu hawa, na hilo bado linaniuma.

Turudi kwa lile dirisha. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm aliripoti kulitumia kwa binadamu. Kwa muda mrefu lilikuwa la kuchungulia tu. Kurt Semm, daktari wa wanawake huko Kiel, ndiye aliyeng'ang'ania kwamba unaweza pia kukata na kufunga mishipa kupitia humo. Inasimuliwa kwamba wenzake walimtaka apigwe picha ya ubongo, wakihisi ana kasoro kichwani. (Omobari angemuuliza kwanza aligongwa na nini.) Mwaka 1980 Semm alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo. Mwaka 1985 Erich Mühe akatoa kibofu cha nyongo. Kamera za video zilipokuja, chumba kizima kikaweza kuona kwenye skrini, na mchezo ukabadilika.

Mbwa alirudi mezani baadaye, safari hii kama mgonjwa. Siku hizi kuna kliniki zinazomfunga jike kizazi kwa matundu mawili matatu, kila moja chini ya sentimita 1 hivi. Tumbo linajazwa hewa ya ukaa, kamera inaingia, na mishipa inafungwa kwa joto la umeme. Tafiti zinaonyesha maumivu hupungua na mbwa hurudia mbio zake mapema. Kwa paka faida si kubwa hivyo, kwa sababu mkato wake wa kawaida tayari ni mdogo.

Lakini unahitaji kamera, taa, pampu ya hewa, skrini, mafunzo, na stima isiyopotea mvua ikinyesha. Vet wa Keroka ana pikipiki na sanduku moja, na siku yake huliwa na ng'ombe: ndigana, kupandisha, ndama aliyekwama. Pesa ya mbwa ikipatikana, kwanza inaenda kwa chanjo ya kichaa.

Nilimwonyesha magokoro video ya upasuaji huo kwenye simu. Aliitazama mpaka mwisho, macho kwenye ile nuru inayotembea ndani ya tumbo. Kisha akamgeukia Simba aliyelala mlangoni.

"Huyu angetoroka kabla hawajawasha stima."