Mtu ni Afya: Majuma Kumi na Mawili ya Mwaka 1973

Katika zama za utawala wa Waingereza, na hata miaka kadhaa baada ya Uhuru, raia wengi wa Tanganyika waliijua serikali katika jambo la siha kwa sura ya mtu mmoja, naye ni bwana afya, ambaye alizunguka nyuma ya nyumba, akalitafuta shimo la choo, na asipoliona akaliandika jina la mwenye nyumba ili aitwe kujibu. Sipendi kumdhulumu mtumishi yule, kwani eneo lake lilikuwa kubwa na wasaidizi wake haba. Lakini muradi wa choo ukawa ni kumridhisha yeye, na wapo waliochimba wasitumie, mlango ukafungwa mpaka siku ya ukaguzi.

Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania Bara mwaka 1973, iliazimia kuiondoa kadhia hii mikononi mwa mkaguzi na kuikabidhi kwa majirani. Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa wakati ule chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikwisha kuyajaribu masomo ya vikundi vya redio, kwanza juu ya mpango wa maendeleo na uchaguzi mkuu, kisha juu ya miaka kumi ya Uhuru, kabla ya kuthubutu kuingia katika maradhi. Safari hii walihitajiwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, nao wakafunzwa kwa ngazi, wakufunzi wa taifa wakiwafundisha wa mikoa na wilaya, na hao wakishuka hadi vijijini kwa semina za siku chache. Walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni mbili, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni kumi na tano.

Mkutano wenyewe haukuwa na makuu. Mara moja kwa juma, kwa majuma kumi na mawili, kikundi kiliketi, kikaisikiliza Radio Tanzania, kisha mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenziwe sura ya kitabu. Baada ya hapo yakaja maswali ambayo hayana jibu la kitabuni, yaani je, ugonjwa huu upo hapa kwetu, unaletwa na nini hapa kwetu, nasi tutafanya nini. Zilizungumzwa habari za malaria, safura, kuhara damu, kifua kikuu, kichocho na maji ya kunywa.

Kwa maoni yangu kichocho ndicho kilichoifunua hoja ya kampeni kuliko maradhi yote. Mgonjwa mmoja akikojoa bwawani, mayai ya minyoo huanguliwa majini, viluwiluwi vyake vikaingia katika konokono, vikazaana humo, vikatoka kwa maelfu kuitafuta ngozi ya yeyote aogaye, afuaye au achotaye maji. Na huyo achotaye huenda ni mama ambaye nyumbani kwake choo kipo, kisafi, na watoto wake wamefunzwa vizuri. Usafi wake haumfai kitu mpaka jirani naye akubali. Amri ya faini haiwezi kulisimamia bwawa mchana kutwa, bali watu waliokaa pamoja wakapatana wanaweza kukumbushana wao kwa wao, hata kwa mzaha.

Matokeo yalionekana kwa macho: vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, na mazingira ya nyumba yakafyekwa. Kufyeka huko, niseme kwa hadhari, kulikuwa na faida ndogo kuliko ilivyodhaniwa, kwa kuwa mbu wa malaria hazaliwi majanini bali katika maji yaliyotuama. Tena kuhesabu mashimo ni rahisi, ilhali kujua nani anayatumia na nani ananawa mikono baadaye ni kazi ya miaka, na kampeni ya majuma kumi na mawili haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Kisha likatokea jambo ambalo waandalizi hawakuwa na uwezo nalo. Mnamo Novemba mwaka uleule kuhamia vijijini kukatangazwa kuwa ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu. Shimo halihamishiki. Familia iliyokwisha kushauriwa kwa upole na kuchimba kwa hiari ilikiacha choo chake nyuma, ikaanza upya mahali ilipopangiwa, nyumba zikiwa sasa zimesongamana na haja ya choo ikiwa kubwa zaidi. Na wengi miongoni mwao walichimba safari ya pili kwa kuamrishwa, kama siku za bwana afya. Taasisi ilirudi redioni mwaka 1975 kwa kampeni ya Chakula ni Uhai, kwa mpango uleule wa vikundi, na wasikilizaji wake wengi safari hii walikuwa wakaazi wa vijiji hivyo vipya.