Dola ya Mbali, Chifu wa Karibu: Busongora na Bukonzo chini ya Toro, 1900–1982, kwa Kulinganisha na Majimbo ya Baltiki ya Urusi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, lilivyotawaliwa tangu Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 hadi makubaliano ya Agosti 1982. Hoja kuu ni kwamba dola inapowatawala watu kupitia kwa jirani yao, lawama humwangukia jirani huyo, na dola yenyewe hubaki na sura ya mwamuzi. Ili kuonyesha kwamba hali hiyo haikuwa ya Rwenzori peke yake, makala yanalinganisha historia hiyo na ya Livonia na Estonia, majimbo ya himaya ya Urusi yaliyotawaliwa kupitia kwa makabaila Wajerumani. Makala yanahitimisha kwamba mpaka mpya wa kiutawala unaweza kumaliza dai la zamani bila kuumaliza mfumo uliolizaa.

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Kasese mjini kuelekea Bwera huvuka nyanda za joto zilizo kando ya Mbuga ya Taifa ya Malkia Elizabeth, kisha hupanda taratibu hadi vilima vya Bukonzo, na mwisho hufika Mpondwe, ambako Mto Lubilia huitenga Uganda na Kongo. Ng'ambo ya mto watu wa ukoo mmoja na Bakonzo huitwa Banande. Mpaka unaowatenganisha ulitokana na makubaliano ya Ulaya ya mwaka 1910.

Wanahistoria wa Rwenzori wameuzungumzia sana mpaka huo wa kimataifa. Makala haya yanahusu mpaka mwingine, uliokuwa ndani ya Uganda na uliodumu hadi mwaka 1974, yaani ule ulioiweka ardhi ya Bakonzo, Basongora na Banyabindi chini ya Ufalme wa Toro. Swali letu ni hili: kwa nini harakati iliyozuka mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru, iliwalenga Batooro kabla ya kumlenga Mwingereza aliyeuweka mpaka huo?

2.0 Mfano wa Baltiki

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Himaya kubwa zilizijua hekima hiyo zamani, nazo zilitafuta fimbo ya karibu. Mwaka 1710 majeshi ya Peter Mkuu wa Urusi yaliteka Livonia na Estonia kutoka kwa Uswidi, na Mkataba wa Nystad wa 1721 ukayathibitisha majimbo hayo kuwa mali ya Urusi. Wenyeji wengi walikuwa wakulima waliozungumza Kiestonia na Kilatvia, lakini ardhi na mahakama zilikuwa mikononi mwa makabaila wa asili ya Kijerumani. Peter aliwaachia makabaila hao mabaraza yao, sheria zao, kanisa lao la Kilutheri na lugha yao. Naye alipata utiifu wao bila gharama ya kujenga utawala mpya.

Kwa zaidi ya karne moja na nusu, mkulima wa Estonia alikutana na himaya kupitia kwa kabaila. Wakulima walipoondolewa katika utumwa wa shamba kati ya 1816 na 1819, waliondolewa bila ardhi, hivyo waliendelea kuwa wapangaji wa mabwana wale wale. Mwaka 1864 wawakilishi wa wakulima wa Estonia walimpelekea Tsar malalamiko yao moja kwa moja. Walimruka aliye karibu wakamwendea aliye mbali, kwa imani kwamba mfalme hajui maovu yanayotendwa kwa jina lake. Ghadhabu ilipolipuka mwaka 1905, moto uliwashwa katika majumba ya makabaila.

Mambo matatu katika historia hiyo yatatusaidia kuisoma Rwenzori: mtawala wa kati anayelindwa na dola, malalamiko yanayomruka mtawala huyo, na lugha ya ofisi isiyo lugha ya mwananchi.

3.0 Kuundwa kwa Toro ya Kikoloni, 1891–1921

Ufalme wa Toro ulizaliwa takriban mwaka 1830, Kaboyo alipojitenga na baba yake, Mukama wa Bunyoro. Baadaye Kabalega wa Bunyoro aliirudisha Toro chini ya himaya yake. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alimrejesha Kasagama kwenye kiti cha Toro na kujenga ngome kadhaa, mojawapo ikiwa Katwe, penye ziwa la chumvi. Eneo hilo lilikuwa na thamani kubwa, kwa kuwa chumvi ya Katwe ilisafirishwa mbali na aliyeishika alishika mapato.

Mkataba wa Toro, uliotiwa saini mwezi Juni 1900 na Sir Harry Johnston, ulimthibitisha Kasagama na kuziunganisha chini yake nchi ambazo hazikuwa zote zimewahi kumtii. Kwa Waingereza mpango huu ulikuwa na faida mbili: uliweka kizuizi dhidi ya Bunyoro, na uliwapa msaidizi aliyekuwa tayari na baraza, machifu na heshima ya kifalme. Kwa Bakonzo wa milimani, walioishi kwa koo bila mfalme mmoja, ulikuwa mwanzo wa kutozwa kodi na watu ambao hawakuwatambua kuwa mabwana wao.

Upinzani haukuchelewa. Kati ya 1919 na 1921 Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya waliongoza uasi milimani. Walikamatwa na kuuawa kwa amri ya serikali mwaka 1921. Majina yao yalibaki katika kumbukumbu za Bakonzo, na harakati ya miaka ya 1960 iliyarejea.

4.0 Ngazi ya Utawala na Lugha Yake

Utawala wa Toro ulifuata ngazi iliyobuniwa Buganda na kuenezwa na Waingereza sehemu nyingi za Uganda: saza, gombolola, muluka. Juu yake palikuwa na baraza la Rukurato na Mukama huko Fort Portal, na juu yao Mkuu wa Wilaya Mwingereza. Mkonzo wa Bwera aliyedaiwa kodi alikutana na chifu. Mwingereza alikuwa mtu wa safari, aonekanaye mara chache, na mara nyingine mtu wa kukatiwa rufaa.

Malalamiko yaliyojitokeza katika miaka ya 1950 yalihusu ngazi hiyo hiyo. Bakonzo na Baamba walilalamika kwamba nafasi za uchifu ziliwaendea Batooro, kwamba shule zilikuwa chache milimani, na kwamba Rutooro ilikuwa lugha ya shule, kanisa na baraza. Mwananchi asiyeimudu lugha ya baraza huonekana mshamba hata pale hoja yake inapokuwa na nguvu. Malalamiko hayo yalizidi uzito baada ya 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese na shaba ya Kilembe ikaanza kusafirishwa, kwa kuwa utajiri uliotoka katika ardhi yao ulionekana kupita mbele ya macho yao.

Jibu la kwanza lilikuwa la kitaaluma. Isaya Mukirane, mwalimu wa shule, aliongoza chama cha kutafiti historia na maisha ya Bakonzo kilichoundwa katika miaka hiyo. Watu walioambiwa kwamba ni tawi la Toro walianza kwa kukusanya ushahidi kwamba wana historia na lugha yao.

5.0 Kutoka Barazani hadi Mlimani, 1962–1982

Katiba ya Toro ilipojadiliwa kuelekea uhuru, wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitaka watu wao watajwe kwa usawa na Batooro. Walipokataliwa, mwezi Machi 1962 Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya waliongoza wenzao kutoka nje ya Rukurato. Dai lilikuwa la kiutawala kabisa: wilaya yao wenyewe chini ya serikali kuu. Kama wakulima wa Estonia, walimruka aliye karibu wakamwendea aliye mbali. Tume ya Dkt. Ssembeguya ilitambua kwamba malalamiko yalikuwa na msingi, lakini haikupendekeza wilaya mpya.

Tarehe 30 Juni 1962 Mukirane alitangaza Rwenzururu huru. Harakati iligawanyika, kwani wenzake waliendelea kudai wilaya kwa njia za kisheria, naye akabaki milimani. Mwaka 1963 serikali kuu ilichukua utawala wa Busongora na Bwamba, na mwaka 1964 umwagaji damu baina ya majirani uliacha majeraha ambayo wazee wa pande zote mbili hawajayasahau.

Rwenzururu ya mlimani ilikuwa na machifu, kodi na mahakama zake. Waliokataa utawala wa Toro waliurithi umbo lake, kwa sababu ndilo umbo la dola walilolijua. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi kiti angali kijana mdogo.

Dai la 1962 lilitimizwa mwaka 1974, miaka saba baada ya falme kufutwa, Idi Amin alipounda wilaya mbili, Rwenzori na Semuliki, ambazo mwaka 1980 zilipewa majina ya Kasese na Bundibugyo. Mwezi Agosti 1982 Mumbere alifikia makubaliano na serikali ya Milton Obote, akashuka mlimani na kukabidhi silaha.

6.0 Mpaka Mpya, Swali la Zamani

Mwezi Aprili 1917 Serikali ya Muda ya Urusi iliunganisha Livonia ya kaskazini na Estonia kwa kufuata lugha ya wakazi, na hivyo ikavunja mpaka wa zamani wa makabaila. Kasese ya 1974 ilikuwa tendo la namna hiyo. Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Kasese haikuwa nchi ya watu wa lugha moja. Basongora, wafugaji waliopoteza malisho kwa maradhi, kuhamishwa na kisha hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1952, pamoja na Banyabindi, walijikuta wachache katika wilaya iliyopatikana kwa jina la wachache.

Serikali ilipoutambua Ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, swali la nani anamwakilisha nani lilirudi. Basongora na Banyabindi waliuliza kuhusu Kasese swali lile lile ambalo Bakonzo waliuliza kuhusu Toro. Mwezi Novemba 2016 watu zaidi ya 100 waliuawa Kasese, wengi wao wakati vikosi vya serikali viliposhambulia ikulu ya mfalme huyo. Si haki kuyaeleza mauaji hayo kwa sababu moja, lakini msomaji wa historia hii hawezi kukosa kuona kwamba dola ilikuwa imeshika tena nafasi yake ya zamani, juu ya majirani wanaoshindania kutambuliwa nayo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mgogoro wa Rwenzori ulitokana na ngazi ya utawala zaidi ya chuki ya asili baina ya makabila. Batooro walibebeshwa kazi ya himaya, na wakabebeshwa pia lawama yake. Kwa hiyo kuigawa wilaya upya, pasipo kuangalia nani ataajiriwa, ardhi itagawanywaje na baraza litazungumza lugha gani, ni kumhamisha mtawala wa kati kutoka kabila moja kwenda jingine.

Kuhusu lugha, Livonia ina onyo. Serikali ya Tsar ilipoamua kuwapunguzia makabaila nguvu katika miaka ya 1880, iliondoa Kijerumani ofisini na kuweka Kirusi, si Kiestonia wala Kilatvia. Kasese nayo ilitoka katika Rutooro ikaingia katika Kiingereza. Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mabadiliko ya katiba ya 2005 na lugha inayosikika kila siku ya soko Mpondwe, hakina kabila la kulipendelea katika wilaya hii. Kikiingia ofisini bega kwa bega na Lukonzo na lugha nyingine za wenyeji, kinaweza kuwa daraja. Kikiingia kwa kuzifukuza, kitakuwa fimbo nyingine iliyoletwa karibu.