Mbegu za Amani: Mhogo Uliotoka Usambara Ukapitia Ibadan

Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902, waliangalia zaidi sura ya nchi, kwa kuwa mteremko mmoja ulikusanya hali ya hewa za namna nyingi, kuanzia joto la bonde la Sigi hadi ubaridi wa takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Bandari ya Tanga haikuwa mbali, na reli ya Usambara ilikuwa imekwisha kufika Muheza tangu 1896.

Chini ya Waingereza, H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, alishughulikia hapo batobato, yaani ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe na kuyakunja majani ya mhogo yakiwa na mabaka ya njano. Katika miaka ya 1930 yeye na R. F. W. Nichols waliupandisha mhogo na mpira wa Ceará, mti wa jamii yake ambao walowezi wa Kijerumani walikuwa wameupanda kwa wingi kwa ajili ya utomvu. Machotara ya kwanza yalistahimili ugonjwa lakini mizizi yake haikufaa kitu, kwa hiyo yalipandishwa tena na tena na mhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikanenepa bila kinga kupotea.

Kazi ya polepole namna hiyo iliufaa upweke wa Amani. Kusambaza matokeo yake hakukuufaa. Mwaka 1948 lilipoundwa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, makao yake yaliwekwa Muguga, karibu na Nairobi, zilikokutana reli na ofisi za serikali, na Storey naye akahamia huko.

Mbegu za Amani, hata hivyo, zilikuwa zimepata njia nyingine, kwani zilipelekwa Ibadan, Nigeria, ambako zilichaguliwa upya, na kuanzia miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki ya mji huo, yenye mtandao wa nchi nyingi, ikazalisha kutokana nazo aina ya TMS 30572. Batobato kali ilipoteketeza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, wakulima waliipokea aina hiyo kwa jina la Nase 3, mhogo wenye asili ya Usambara uliozunguka kupitia Afrika Magharibi.