Maumivu Yana Chanzo: Kutoka Ngoma za Uzaramo Hadi Kugonga kwa Vidole



Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa Mafia niliyehamia Kibaha kutafuta riziki. Mwaka jana bega la kulia lilinishika hadi mkasi ukanishinda. Dawa nilimeza, kuchuliwa nikachuliwa, wapi! Mteja wangu mmoja akanifundisha kujigonga kwa vidole: pembeni mwa kiganja, mwanzo wa nyusi, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, chini ya mtulinga, chini ya kwapa na utosini, huku nikitaja kinachoniuma. Kisha akaniuliza, "Dada, bega lilipoanza ulikuwa unapitia nini?"

Nikanyamaza. Lilianza wiki niliyotoka kumzika mama. Sikupata hata nafasi ya kulia, sare za shule za watu zilikuwa zinanisubiri.

Nilipomsimulia mama mkwe wangu wa Kisarawe, akacheka. "Mwanangu, swali hilo si geni huku. Bibi zetu waliulizwa hivyo hivyo." Nikaona nifuatilie historia yake.

Kwa Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe na sehemu kubwa ya Kibaha, ugonjwa haukuwa wa mwili tu. Kuna ugonjwa wa Mungu, huo unakuja na kuondoka kwa dawa. Usipoondoka, mganga huuliza mengine: umegombana na nani? Kuna mzimu uliosahauliwa? Kuna pepo? Mwanamke akionekana ana pepo, hupigiwa ngoma, na pepo akipanda kichwani huulizwa jina lake na anachotaka. Mara nyingi hutaka nguo, manukato au karamu. Jambo ambalo mke hakuthubutu kumwambia mumewe, pepo alilisema mbele ya watu wote, na mume akalisikia.

Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo miaka ya 1960, aliandika kitabu kuhusu mila zao mwaka 1970, akiwatazama zaidi wanawake. Alionyesha kwamba mila hizi hazikufa mji wa Dar es Salaam ulipokua, bali zilibadilika pamoja na watu.

Hazikukosa wapinzani. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Maneromango miaka ya 1890 hawakuzipenda, na masheikh wengi walizikataza kwa sababu ya kuita pepo. Nami kwa imani yangu siwaiti. Lakini ukiondoa pepo, swali linabaki: hasa unaumwa na nini?

Huko Marekani swali hilo lilikuja kwa njia nyingine. Mwanasaikolojia Roger Callahan alisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 alimtibu mwanamke aliyeogopa sana maji, akamgonga chini ya jicho, na hofu ikaondoka. Mwanafunzi wake Gary Craig, aliyesomea uhandisi, akairahisisha njia hiyo miaka ya 1990. Sehemu zenyewe zilitokana na matibabu ya sindano ya Wachina. Jirani zetu Rwanda, njia ya Callahan ilitumika kwa vijana yatima 50 walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994, na watafiti waliandika mwaka 2010 kwamba wengi walipata nafuu. Wataalamu bado wanabishana. Wengine wanasema vidole havina siri yoyote, kinachosaidia ni kulitaja jambo linalouma ukiwa mahali salama, na mtu anakusikiliza.

Mimi naelekea upande huo. Kisarawe ilikuwa ngoma na majirani, kwangu ilikuwa vidole na mteja aliyekaa kwenye benchi akisubiri gauni lake. Pande zote mbili, kuna mtu aliyeuliza na akangoja jibu.

Bega halikupona siku ile, na hospitali nilikwenda pia, msiache. Ila usiku ule nilimlilia mama yangu kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata nikafunga kibanda siku nne, nikapanda boti kwenda Mafia kumsomea dua kaburini. Sasa mkasi naushika.

Na wewe dada, kinachokuuma kilianza lini?