Uongo Wenye Ufunguo Halali: Usalama wa Mitandao ya Vihisi Ukingoni mwa Mau

Nchini Kenya, baina ya makazi ya Kericho na Bomet na Msitu wa Mau Kusini-Magharibi unapita ukanda wa chai wa Nyayo Tea Zones, ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuukinga msitu. Upana wake uliokusudiwa ni kama mita 100, na hoja yangu inaanzia kwenye wembamba huo.

Tuchukulie vihisi vya sauti vimefungwa mitini ili kubaini msumeno wa injini unakokatia mti. Mlio mmoja hukifikia kila kihisi kwa wakati wake, na tofauti za nyakati hizo ndizo zinazotoa mahali. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mtu akiichelewesha saa ya kihisi kimoja kwa nusu sekunde, tofauti ya umbali inayohesabiwa kutoka hapo hukosewa kwa mita 170, zaidi ya ukanda wote. Mkata miti aliye msituni ataweza kuonekana yumo shambani mwa mkulima asiyehusika.

Wengi hukimbilia sahihi za kidijitali. Ni kinga ya lazima, lakini huthibitisha nani ametuma taarifa, haithibitishi ukweli wake. Kihisi kilichohamishwa mti kwa siri, au kilichochezewa mlio wa kurekodiwa, kitautia uongo sahihi kwa ufunguo halali kabisa.

Ulinzi uliobaki umo kwenye hesabu na mpangilio. Hesabu iliyozoeleka hutafuta jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa. Kosa moja kubwa, likishazidishwa kwa lenyewe, huliburuta jibu zima. Mwaka 1984 Peter Rousseeuw alipendekeza kuangalia mraba wa katikati badala ya jumla, na mwaka 2005 Zang Li, Wade Trappe na wenzao wakaitumia mbinu hiyo kulinda ubainishaji wa mahali katika mitandao isiyo na waya. Jibu hustahimili hata karibu nusu ya vipimo vikiharibika. Vihisi vyote vikisema kweli, usahihi hupungua. Hasara hiyo naona inastahili kubebwa.

Hata hivyo, hakuna hesabu inayouokoa mpangilio mbaya. Ukanda mwembamba humshawishi fundi afuate mpaka na kufunga vihisi kwa mstari mmoja, kwa kuwa ni rahisi kuvifikia. Vihisi vya mstari mnyoofu havitofautishi pande mbili: nukta ya msituni na ile ya shambani iliyo mkabala nayo hutoa tofauti zilezile za wakati. Ukiongeza kimoja tu nje ya mstari, hicho pekee ndicho kinachoamua upande, na adui hahitaji kukiharibu kingine chochote.

Hapa Mau, upande ndio kesi yenyewe. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za jamii ya Waogiek kwa kuwafurusha msituni humu. Nukta ya uongo kwenye ramani inaweza kutumiwa kumfurusha mtu tena.

Kwa hiyo vihisi vitawanywe pande zote mbili za chai, kadhaa vikiwa ndani ya msitu. Vya msituni vikipingana, au mvua ya mawe ya Kericho ikiviharibu hadi kibaki kimoja, mfumo umpe askari wa msitu nukta zote mbili, ya msituni na ya shambani, na ukatae kuchagua.